Gesti ya Bi Haikaeli

Daftari la wageni limepigwa mistari kwa penseli:
jina, kabila, utokako, uendako, kazi, siku ngapi.
Niliandika Mukhandi, Mnyaturu, Singida.
Kwenye uendako kalamu ilisita, ikatoa doa,
nikaliacha doa lijibu.
Kazi: fundi mizani. Siku: tatu.

Bi Haikaeli alisoma kwa miwani iliyofungwa uzi.
"Fundi mizani! Basi utanijua nilivyopungua."
Akanipa ufunguo uliofungwa kwenye kibao
kikubwa kama mwiko wa ugali,
mgeni asije akausahau mfukoni, akaondoka nao.

Vyumba saba, ua mmoja, pipa la maji,
ndala mbili mlangoni, zote za mguu wa kushoto.
Nyuma ya ukuta, stesheni ya Moshi
na nyasi zake katikati ya reli.
Lakini madirisha! Yote buluu, buluu iliyoiva,
katika mji ambao kuta hupakwa rangi na kampuni za simu.

Nilijua sababu nilipowasha taa.
Juu ya kitanda, picha ya kalenda;
mwaka umekatwa kwa mkasi, zimebaki nyumba
nyeupe, zimepandana mlimani kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi,
madirisha buluu, chini yake gati dogo,
na punda mmoja aliyetupa mgongo.
Maandishi yake, herufi nyingine kama kwato,
nyingine kama ndoana.

Baba yake alimpikia Mgiriki mwenye shamba la kahawa
huko juu, njia ya Kibosho.
Mgiriki alipofungasha alimwachia picha,
birika dogo la shaba, na neno moja.
Neno lenyewe ni kalimera.
Bi Haikaeli hugonga nalo milango kila alfajiri.
Wageni wa Machame hudhani ni Kirombo,
wa Rombo hudhani ni Kimachame,
nami nilijibu "aika",
maana Kichaga changu kinaanzia hapo na kuishia hapo.

"Tunalima kahawa, tunakunywa chai," alisema,
akisubiri povu lipande mara ya tatu.
"Baba peke yake ndiye aliyerudi na ulevi huu."

Springi ya mzani wa chama ilikwama Tanga.
Siku tatu zikawa tisa.
Usiku wa saba umeme ulikatika, tukakaa uani.
"Bahari umeiona?"
"Sijaiona. Wewe?"
"Mimi? Nimelala chini yake miaka arobaini."
Kumbe chumba namba tatu kilikuwa chake na marehemu.

Akanyamaza. Halafu: "Ina chumvi kiasi gani?"
Hilo nililisoma chuoni. Gramu thelathini na tano kwa lita.
Nikaleta mzani mdogo wa mkobani,
yeye akaleta chumvi, jagi na kibatari.
Nilipima kama ninapima dhahabu;
alipozidisha punje, nilizirudisha kwa ncha ya kisu.
Akakoroga. Tukanywa funda moja moja,
tukatemea kwenye migomba, tukacheka hadi mgeni wa namba tano
akakohoa kwa hasira.
"Ndiyo hiyo basi," akasema, akifuta mdomo kwa khanga,
na treni ya Dar ikapiga honi ndefu
kama inaomba nafasi gatini.

Jagi hakulimwaga. Asubuhi nililikuta dirishani,
limefunikwa kisahani.
Mlima ulikuwa umejitoa, mweupe wote, dakika kumi tu,
kisha mawingu yakaufungia mlango.

Nyumbani Singida nilipofungua mkoba, kibao kile hapa,
pamoja na ukubwa wake wote.
Nimekipima: gramu mia mbili na kumi, na ufunguo.
Vijana wa basi wanasema parseli ni elfu tano.
Nawaambia kesho.

Bi Haikaeli amepiga simu mara moja.
Ufunguo hakuuliza.
Aliuliza ile chumvi, gramu ngapi vile,
kuna mgeni namba tatu, katoka Dodoma,
naye hajaiona.