Miche ya Saiq

Usiku wa Saiq, baridi ya mlimani,
Thuwaiba, miwani usoni, anahesabu
miche ya komamanga chini ya taa
ambayo mwanga wake hasa hatuuoni.

Ile ya kivulini imerefuka, imelegea,
mtoto wa kudekezwa.
Hii iliyopigwa mwali ni mifupi,
shina jekundu, jani nene, kaidi.

Ndani ya seli, asema,
pacha wawili walioshikana huachanishwa;
mmoja hukimbilia kiini,
huamsha jeni iliyolala tangu mbeguni,
na mche hujishonea shela.

“Sikuongeza kitu. Ukurasa ulikuwamo.”

Nami, niliyeletwa huku kutoka Wete
nikiwa na miaka sita,
napandisha mkono wa kanzu,
natazama ngozi:
ukurasa gani
jua la mlima huu
limeufungua?