Ngazi ya Rahisi

Eliamani, mpwa wangu, ananicheka:
"Mjomba, mtu mzima unacheza Rahisi?"
Namwacha. Kutwa nzima Kiborloni
nimebeba marobota ya mitumba,
hakuna aliyeniuliza: ngazi gani?
Wageni hulipa ili mlima uwatese.
Mimi nateseka bure.

Humu nataka kutembea tu,
kupiga soga na muuza dawa asiye na haraka,
kufungua kila sanduku, kusoma barua za marehemu.
Mpiga mishale wangu nimempa jina la bibi: Ndeonansia.

Juzi joka lilibakiza tone moja la uhai,
Luku ikaisha.

Jana usiku, kijana amelala,
nikapandisha hadi Ngumu.
Nimekufa mara kumi na moja, palepale darajani.
Sijamwambia.