Zabibu za Juni

Kule Ng'ong'ona, chumba namba saba,
pazia tumelibana kwa vibanio vya nguo,
maana mlinzi wa jengo ana pua ya paka
na shisha ilishapigwa marufuku.
Sisi tunaiita "mafunzo kwa vitendo".

Gadiel, udaktari, mwaka wa nne,
ndiye apangaye mkaa juu ya foili
kwa koleo aliloliazima maabara bila kuomba.
"Maji yanachuja," anasema,
na chupa inacheka kwa tumbo
kama mtu ajuaye jambo asilotaka kulisema.

Mchana ule tulifundishwa kifua kikuu:
mate, matone, chumba kisicho na dirisha.
Usiku mpira ukapita kinywa kwa kinywa,
Gadiel, Nyemo, Mbonea, mimi.
Hakuna aliyeufuta.
(Swali la moshi na mapafu, mtihani wa Februari,
nilipata tisini na mbili.)

Asubuhi, wodi ya wanawake.
Kitanda cha tisa, Mama Sechelela wa Mpunguzi,
miaka hamsini na minne, sigara hajawahi kuigusa;
ni mafiga tu, na jiko lisilo na pa kutolea moshi.
Ameketi, ameinamia magoti,
kama anatafuta pumzi iliyodondoka chini ya kitanda.
Nikamshika kiganja, nikatazama saa,
nikahesabu kifua kikipanda, kikishuka,
kikipanda kabla hakijamaliza kushuka.

"Mwanangu, umetoka shambani?"
"Hapana, mama."
"Unanukia zabibu."
Akapumzika. Kila neno alilinunua kwa pumzi mbili.
"Juni hii… umezitoa wapi?
Zangu bado… punje za kijani. Kali."

Ningesema nini?
Kwamba zabibu zangu hukaa kwenye pakiti ya nailoni,
zina rangi ya dawa ya kikohozi,
hazijawahi kuliona jua la Dodoma?
Nikaandika kwenye chati: thelathini na mbili kwa dakika,
kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yangu.

Akaukamata mkono wa koti langu jeupe,
akausogeza puani, penye kimrija cha oksijeni,
akafumba macho.
Na kwa muda mfupi, naapa,
alipumua kama mtu aliye nyumbani.

Jioni Gadiel katuma ujumbe:
*Vitendo, saa tatu.*
Sijajibu.
Koti liko kambani, upepo wa Chimwaga unalipiga makofi.
Nimelifua mara mbili.