Kioo cha Basi la Mgombea

Basi lilifika saa kumi na moja na robo alfajiri,
zamu ya usiku ikitoka, ya mchana ikiingia,
na sisi wa katikati hatujui tupige miayo au makofi.
Toledo, mwezi wa kumi. Mto Maumee unafuka ukungu.
Kwenye ngazi za ukumbi wa chama
Laslo anamwaga chumvi, ingawa barafu haijaja.
"Mazoea," anasema.
"Kila miaka minne kuna anayeteleza hapa."

Kijana wa kampeni ana ubao na orodha.
Mama, utasimama nyuma yake, kushoto,
kati ya bendera na yule baba mwenye mvi.
Akanipa kofia ngumu mpya, nyeupe pe.
Yangu ina mikwaruzo na jina Orville kwa wino:
mume wangu, tanuri namba tatu.
Niliirithi pamoja na deni la hospitali.
"Kamera haipendi mikwaruzo," kijana akasema.
Nikaivaa ile mpya. Ilinikaa kama uongo wa mtoto,
safi, na inateleza.

Mgombea akashuka.
Mikono ya shati lake imekunjwa mkunjo kwa mkunjo
na mtu ambaye si yeye.
Alitaja familia mara tisa. Laslo alihesabu kwa vidole,
na vidole alivyobakiwa navyo ni tisa.
Akataja meza ya chakula, akataja heshima ya jasho.
Sikumchukia. Maneno yalikuwa mazuri.
Hata mama yangu alikuwa na sahani nzuri kabatini
ambazo hatukuwahi kulia.

Swali langu nilikuwa nimeandikiwa kwenye kadi:
bima ya afya.
Nikaigeuza kadi.

Nikasema, Mheshimiwa, kioo cha basi lako
tumekimimina sisi. Ile rangi ya moshi
ni ya kiwanda chetu, ya Februari, naijua.
Wewe ndani unatuona sisi;
sisi nje tunajiona wenyewe.
Sina ugomvi na kioo, kimeniezekea nyumba.
Ila huyu kijana aliyenipa kofia,
aliyepanga viti mia mbili tangu saa nane usiku,
amelala wapi?
Analipwa saa za ziada?
Ana chama?

Birika la kahawa likasikika likikoroma.
Mgombea akacheka, kisha akaacha kucheka.
Akamgeukia kijana, na nikaiona midomo yake
ikitafuta jina, ikilikosa.

"Garrick," kijana akasema mwenyewe, polepole,
macho kwenye ubao kama aliyepoteza ukurasa.
"Naitwa Garrick. Tunalala humo humo, ndani ya basi."

Gazeti liliandika tulimpokea kwa shangwe.
Ni kweli, tulipiga makofi. Baridi ilikuwa kali.
Na kura yangu? Huenda nikampa.
Yule mwingine hata chumvi ya Laslo
hajawahi kuikanyaga.
Kura kwangu ni glavu ya kiwandani:
unavaa iliyopo,
unashika kilicho moto.

Nilipokuwa nikirudisha kofia yao,
Garrick alikuja mbio na ile yangu kwapani.
Akanong'ona, kama anayeulizia choo:
"Mnaanzaje?"
Kwa watu wawili, nikamwambia,
na kalamu isiyoganda.
Nikamwandikia namba ya Laslo
kwenye ile kadi, juu ya bima ya afya.
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi.

Basi likaondoka taratibu, likipasua ukungu.
Dirisha la nyuma likanipitia, jeusi,
nikajiona humo nimevaa kofia ya Orville,
nimeinua mkono.
Kama kuna aliyepunga upande wa pili
sikumwona.
Nilibaki nimeuinua hata hivyo,
mpaka king'ora cha saa kumi na mbili.