Bahasha ya Arobaini na Moja

Tamimunti alinipimia mbegu kwa kifuniko cha birika,
vifuniko vitatu,
kisha akachota robo akairudisha mfukoni.
"Hizi za panya," akasema. "Nao wana fungu lao."

Mbegu ndogo, za kijivu, zenye mabaka kama mayai ya kware.
Ilikuwa Machi, theluji ingali juu ya Tidighini,
na bondeni pampu zilikohoa tangu alfajiri.
Huko wamepanda bangi ya kuja,
yenye maua mazito na njaa ya mbolea,
inayokunywa maji kama harusi inavyokunywa chai.
Kisima cha Buziani kilikuwa mita ishirini.
Sasa ni mia na kumi, na deni.

Hii ya kwake haijaonja ndoo.
Mvua ikija, hewala.
Isipokuja, hujifupisha,
huishia magotini, hukomaa mapema,
jua la Agosti likifika likute mbegu zimeshafungwa.
Nilimuuliza nani aliifundisha.
"Kiangazi," akasema. Akafikiri.
"Na mama mkwe. Alikuwa mbaya kuliko kiangazi."

Mwanawe Haddu alifungwa miezi minane
kwa majani yale yale
ninayolipwa mshahara kuyapima kwa rula.
Hakunikumbusha. Alinimiminia chai.

Kituoni niliiandikia: 41.
Nikafunika majike kwa mifuko ya karatasi,
nikapaka chavua kwa brashi ya wanja,
nikitaka ile subira yake iingie katika damu ya wanono.
Kizazi cha kwanza kilipendeza, vimo sawasawa,
mkurugenzi akapiga picha.
Cha pili kikasimama kama warithi mbele ya kadhi,
kila mmoja na uso wake, kila mmoja na dai.
Katika mia sita nilibakiza tisa.

Upepo, lakini, hausomi namba.
Mwaka wa tatu Tamimunti aliona shambani kwake
majani mapana, vidole vinene.
Akang'oa. Mwaka wa nne akang'oa zaidi.
"Huyu si wetu, huyu si wetu,"
mpaka mkono ukabaki hewani
juu ya mche ambao hakuweza kuuamulia.

Jana alikuja kituoni kwa basi la Taunati,
na kile kifuniko ndani ya leso.
Fomu inadai sahihi tatu. Nilitia moja, yangu,
nikajaza vifuniko vitatu, nikaongeza robo ya panya.

Alizinusa. Alivunja moja kwa meno.
"Ndizo?" akaniuliza.

Nikasema ndizo.
Sikumwambia habari ya mabomba ya matone,
kila jioni saa kumi na mbili, misimu minne.
Nimezinywesha, Tamimunti.
Sijui kama bado zinakumbuka kiu.