Vidole Viwili

Kichwa cha treni kimelala nyuma ya karakana, Changamwe,
magugu yamekiingia hadi tanurini.
Wanunuzi wa vyuma chakavu walinitangulia:
geji zimeng'olewa, mikono ya valvu imekatwa,
kioo cha maji kimebaki matundu mawili yanayotazamana.
Nilimpa bawabu soda na nusu saa ya mazungumzo,
nikapiga picha mia mbili na sita
za vitu visivyokuwapo.

Nyumbani, kwenye kompyuta, nakijenga upya kutoka ndani.
Si kichwa chote, ni kabini tu,
kile anachokiona mtu akiwa kazini:
mlango wa tanuri, msokoto wa mabomba,
dirisha dogo, na huko mbele
reli mbili zilizoachana mita moja,
nyembamba kama jibu la mtu mwenye haraka.

Nikaweka makaa. Niliyachora bonge kwa bonge,
siku tatu, hadi yakang'aa.
Kisha nikamwita Mzee Righa wa ghorofa ya pili,
aliyekuwa mchochezi miaka kumi na minne
(wa moto, husema, si wa watu).

Akainamia skrini. Akacheka hadi akakohoa.
"Makaa? Makaa gani, Umazi?
Sisi tulichoma mafuta, meusi, mazito kama uji uliolala."
Na sepetu je?
"Sepetu ya mchanga. Unautupa motoni,
unakwangua masizi ya mabomba, yanatokea juu.
Siku hiyo wanawake wa kwota wanatuapiza
kwa ajili ya shuka zao kambani."

Nikafuta makaa. Siku tatu, kitufe kimoja.

"Na hii reli yote hapa mbele umeitoa wapi?
Mbele kuna boila. Boila, basi.
Kona ikija upande wangu, mimi ndiye jicho.
Ikienda upande wa dereva, jicho ni yeye.
Kila mtu ana nusu ya njia,
nusu nyingine unaambiwa."

Nikaliziba dirisha langu zuri.
Mchungulia bahari si msafiri;
mchungulia boila je?

Yakabaki mabomba.
Picha haisemi bomba lilipita kimo gani.
Mzee akakunja mkono wa shati:
kovu chini ya kiwiko, refu kama njiti ya kiberiti.
"Bomba la mvuke. Kabla ya Mazeras. Nilisinzia."
Akasimama jikoni kwangu, magoti yamelegea kidogo,
kama mtu ambaye sakafu yake ingali inatikisika,
nami nikapima kutoka vigae hadi kovuni:
sentimita mia na tatu.
Michoro ya kiwanda sikuipata. Nina ngozi hii.

Jumamosi tukaondoka, na hakuna aliyetoka chumbani.
Makupa, maji huku na huku, halafu mlima.
Nilimpa kiti, akakisukuma kwa mguu.
Nilimpa kipanya, hakukigusa.
Hata skrini hakuitazama:
alitoa kichwa kando, akaukodolea ukuta
wenye kalenda ya duka la dawa,
akitafuta mkono wa ishara.
"Umeshuka," akasema.
Kwenye skrini ulikuwa haujashuka.
Nikaushusha.

"Joto liko wapi?"
Nikazima feni.

Tukakaa hivyo, jasho likitutiririka,
boila ikiguna kwenye spika za bei ya chini.
Ndipo mkono wake wa kushoto ukanyanyuka wenyewe
kukaza valvu,
ukasimama hewani, umefumba,
umeshika.

Sikusema kitu. Nilichukua utepe wa kupimia,
nikauteremsha chini ya ngumi yake polepole,
kama fundi cherehani anayempima mteja aliyelala.

Nilikuwa nimekosea vidole viwili.
Nikarudi kwenye kibodi,
nikaishusha valvu.