Kumbukumbu za Kikao cha Maoni

Kazi yangu ni kuandika lisemwalo,
si kulipima.
Jumatano, saa nne na robo, ukumbi wa Tononoka.
Feni mbili, moja haizunguki.
Wananchi themanini na saba, soda sitini.

Mswada wa nyumba za hifadhi, kifungu cha tisa:
vitanda ishirini, muuguzi mmoja,
mlango unaofungwa kwa ndani.
Mheshimiwa wa tatu kutoka kushoto alikisoma
kidole kikiwa juu ya tarakimu ya pesa.

"Mambo ya chumbani," akasema, "yaishie chumbani.
Kwani wazee wa mitaa wamekwenda wapi?"
(Kicheko. Nimeandika: kicheko.)

Akainuka Mejumaa Khatwabu wa Mtongwe,
muuza viazi karai kando ya kivuko,
buibui lina unga kwenye mkono.
Una dakika tatu, akaambiwa.
"Zatosha. Nimezoea kupimiwa."

"Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi mimi ndiyo hiyo kata."
"Kata ipi?" akauliza mwenyekiti,
akidhani ni ya chifu.
"Ya kutekea maji, mheshimiwa.
Na mpini wake huu hapa."
Akanyoosha mkono.
Kiwiko hakikunyooka.

"Mwaka juzi, usiku, nilivuka feri
mtoto mgongoni, kiatu kimoja.
Kituoni waliniuliza, mumeo ajua uko huku?
Hospitali wakasema fomu zimekwisha, rudi Jumatatu.
Nikarudi kivukoni.
Feri haimtozi aendaye kwa miguu.
Nilivuka mara sita,
kwenda na kuja, kwenda na kuja,
kwa kuwa ndipo pahali pekee
palipokuwa na taa, na watu,
na yeye hakuwapo.
Alfajiri nikenda kwa mama, Majengo.
Mama alinikorogea uji,
akanisuka nywele juu ya kidonda,
akanirudisha kwa mume
kabla jirani hawajafungua madirisha.

Sikuja kuomba huruma.
Huruma mama anayo tele.
Nimekuja kuomba mlango."

Mwenyekiti akatazama saa.
"Ahsante, mama. Tumenakili."

Hilo ni neno letu, kunakili.
Nalijua linakolala:
kabati la chuma, droo ya pili,
ufunguo ulipotea tangu karani aliyenitangulia.

Tulikula sambusa. Mheshimiwa wa tatu
akaniomba nimtolee nakala ya posho yake.

Sasa ni usiku, Makupa, natoa rasimu.
Ukuta wangu una jirani.
Kila mwisho wa mwezi, kitu hugonga upande wa pili,
kisha mtoto hulia, kisha huacha ghafla,
nami huongeza sauti ya redio.
Hili halimo katika kumbukumbu.
Hakuna aliyeniuliza,
na dakika tatu sikuziomba.

Kanuni yataka ufupisho:
Mwananchi mmoja aliunga mkono kifungu cha tisa.
Niliandika hivyo. Nikafuta.
Nikaandika kiatu kimoja.
Nikaandika uji.
Nikaandika mara sita, kwa maneno, si kwa tarakimu,
ili atakayepitisha kidole akitafuta pesa
asiruke.

Redio nimeizima.
Nasikiliza.